Mgeni na Sahani ya Mwenyeji: Tuliyojifunza kwa Chakula cha Asili cha Thailand

Mtu akirudi kutoka Asia, swali la kwanza analoulizwa nyumbani huwa ni hili: "Kule wanakula nini?" Swali ni zuri. Kinachotusumbua ni kicheko kinacholifuata. Kabla msafiri hajajibu, mmoja ameshataja nyoka, mwingine ametaja mende, na mazungumzo yameishia hapo. Watu zaidi ya milioni 60 wa Thailand, pamoja na mapishi waliyoyalea kwa karne nyingi, wamemalizwa kwa mzaha mmoja.

Sisi tunaoandika haya tumepita katika nchi hiyo kama wasafiri. Tumekula sokoni, tumekula kwenye vibanda vya barabarani, tumekaribishwa nyumbani kwa watu. Maoni yetu ni kwamba chakula ni darasa la kwanza la ugenini. Anayelikimbia darasa hilo hawezi kusema ameifahamu nchi, hata kama amepiga picha mahekalu yote ya Bangkok. Tunawaandikia hasa mafratera, ambao kesho watatumwa kuishi na watu wasiowajua, na pia waamini, ambao ndio watakaowapikia.

Meza moja, mabakuli mengi

Katika lugha ya Kithai, neno la kawaida la kula ni "kin khao", yaani kula wali. Hata salamu ya watu wanaofahamiana huweza kuwa "Kin khao rue yang?", maana yake, umeshakula wali? Hapo wali unasimama badala ya chakula chote. Sisi hatupaswi kulishangaa jambo hilo. Kwetu kuna mtu anayeweza kula viazi, mkate na maharage mchana kutwa, na jioni akakuambia hajala, kwa sababu hajaona ugali. Mwingine atasema vivyo hivyo kuhusu ndizi.

Mlo wa kawaida wa Kithai nyumbani haumtengei kila mtu chakula chake. Kila mmoja ana sahani ya wali mbele yake, lakini mboga zote ziko katikati: bakuli la supu, mchuzi wa tui, samaki, majani yaliyokaangwa kidogo, na kibakuli cha "nam phrik", yaani pilipili iliyotwangwa pamoja na vitu vingine, ambayo huliwa na mboga mbichi au za kuchemsha. Unachota kijiko kimoja au viwili kutoka bakuli moja, unakula na wali wako, kisha unarudi kuchota kwingine. Kujirundikia sahani yote kwa mara moja si adabu, kwa sababu wenzako bado hawajapata.

Wengi hudhani kwamba Wathai wote hula kwa vijiti. Sivyo. Vijiti hutumika zaidi kwa tambi za namna ya Kichina. Wali huliwa kwa kijiko kilicho mkono wa kulia, na uma ulio mkono wa kushoto kazi yake ni kusukumia chakula kwenye kijiko. Kisu hakionekani mezani, kwa kuwa nyama na mboga zimeshakatwa vipande vidogo jikoni.

Utaratibu huu una maana kubwa kwa msafiri. Anayeingia peke yake mkahawani na kuagiza sahani moja ameonja kipande tu cha mlo. Ladha ya Kithai hutafutwa kwa uwiano: chachu ya ndimu au ukwaju, chumvi, utamu wa sukari ya minazi, ukali wa pilipili, na mara nyingine uchungu wa majani. Uwiano huo hauishii ndani ya bakuli moja. Mchuzi mkali huwekwa karibu na supu ya upole, na saladi yenye chachu huwekwa karibu na mayai ya kukaanga. Mpishi anapanga meza nzima. Ndiyo maana msafiri anayetaka kukijua chakula hiki atafute watu wa kula nao. Ni chakula cha ushirika, na mla peke yake hukipata nusu.

Jiko ambalo si geni kwetu

Ukiingia katika jiko la kijijini Thailand, utakutana na vitu unavyovijua. Kipo kinu na mchi, kwa kuwa karibu kila pishi huanza kwa kutwanga. Yapo majiko ya mkaa. Ipo nazi, na kuna kifaa cha kuikunia: kigoda cha mbao chenye ulimi wa chuma wenye meno, ambacho mkunaji hukikalia. Sisi tunakiita mbuzi. Wathai wanakiita "kratai", yaani sungura, na mafundi wa zamani walikichonga kigoda hicho kwa umbo la sungura hasa. Watu wawili wasiojuana, kila mmoja upande wake wa Bahari ya Hindi, wamekitazama kifaa kilekile na kila mmoja ameona mnyama. Tui lake huchujwa kama letu, tui zito na tui jepesi, na kila moja lina wakati wake wa kuingia chunguni.

Viungo navyo vinafahamika. Mchaichai, ambao wengi wetu tunautia kwenye chai, wao wanauponda na kuutia kwenye supu. Khulinjani, jamaa wa tangawizi, ambayo bibi wa pwani waliijua kama dawa, kwao ni kiungo cha kila siku. Mrehani, ambao pwani hupendwa kwa harufu yake, wao huukaanga na nyama. Kuna kotmiri, na hata mizizi yake hutwangwa. Kuna ukwaju, mti ambao asili yake ni Afrika.

Hata kile kinachowatisha wageni wengi, harufu kali ya samaki, si kigeni kwa mtu wa Pwani au wa Ziwa. "Nam pla" ni maji ya samaki: dagaa wa baharini hutiwa chumvi na kuachwa kwa miezi mingi mpaka watoe maji ya rangi ya kahawia, na hayo ndiyo yanayoshika nafasi ya chumvi katika mapishi mengi. "Kapi" ni uduvi waliotiwa chumvi, wakaanikwa na kupondwa hadi kuwa kama udongo laini. Mtu aliyekulia nyumba iliyoanika dagaa uani hana sababu ya kuziba pua mbele ya kapi.

Lakini tusiseme Thailand yote ni jiko moja. Kaskazini, katika miji kama Chiang Mai, kuna "khao soi", mchuzi wa tui wenye tambi, unaohusishwa na wafanyabiashara Waislamu waliotoka Yunnan, China. Kusini, kuelekea Malaysia, michuzi ni mikali, ina manjano mengi, na Waislamu ni wengi. Kaskazini mashariki, katika eneo la Isan linalopakana na Laos, watu hula wali wa kunata. Mchele wake hupikwa kwa mvuke katika kikapu cha mianzi na kuwekwa katika vikapu vidogo vyenye vifuniko. Unamega kwa vidole vya mkono wa kulia, unafinyanga tonge, unachovya. Aliyelelewa kwa ugali hahitaji mwalimu hapo. Tonge hilo huenda na "som tam", papai bichi lililokatwa nyuzi nyembamba na kupondwa kinuni pamoja na pilipili, ndimu, maji ya samaki na sukari, na kuku wa kuchoma pembeni.

Asili ni nini?

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo watu hulikosea mara nyingi, huko na huku. Tunaposema "chakula cha asili", tunafikiri juu ya kitu kisichochanganyika, kilichokuwapo tangu mwanzo. Chakula cha Thailand kinaikanusha fikra hiyo bakuli kwa bakuli.

Chukueni pilipili. Nani anaweza kuwaza chakula cha Kithai bila pilipili? Hata hivyo pilipili hizi, sawa na papai la som tam, zilitoka bara la Amerika, na zilifika Asia baada ya safari za Wareno na Wahispania kuanzia mwishoni mwa karne ya 15. Kabla ya hapo ukali wa chakula ulitokana na vitu kama pilipili manga, na lugha yenyewe imetunza kumbukumbu: hadi leo Wathai huiita pilipili manga "phrik thai", yaani pilipili ya Kithai, ingawa ile nyingine ndiyo imejaa kila kona.

Njia iliyowafikisha Wareno huko ilipita kwetu. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498 na kuvuka kwenda India. Mwaka 1511 Wareno waliiteka Malaka, na mwaka huohuo wakatuma mjumbe Ayutthaya, mji mkuu wa Siam ya wakati ule. Njia hiyo ndiyo iliyotuletea sisi pia mazao ya Amerika, na kwa watu haohao Kiswahili kilipokea maneno kama "meza" na "mvinyo". Anayekula muhogo na pilipili kichaa huko Mombasa, na anayekula som tam huko Isan, wanadaiwa na historia moja.

Wareno waliacha zaidi ya mbegu. Katika karne ya 17, enzi ya Mfalme Narai, aliishi Ayutthaya mwanamke Mkatoliki aliyeitwa Maria Guyomar de Pinha, mwenye damu ya Kijapani na ya Kireno. Mume wake, Constantine Phaulkon, alikuwa mtu mkubwa katika serikali ya mfalme, na aliuawa katika mapinduzi ya mwaka 1688. Maria alibaki, akaishia kufanya kazi katika jiko la kifalme. Husimuliwa kwamba ndiye aliyewafundisha Wathai vitamutamu vya viini vya mayai na sukari, kama "foi thong", nyuzi za dhahabu, ambazo Wareno nao wanazo na kuziita nyuzi za mayai. Leo vitamutamu hivyo hupatikana katika harusi na sherehe za Wabuddha, kwa sababu rangi na jina la dhahabu huashiria baraka. Watu wachache wanaovila hufikiri kwamba vina asili ya ng'ambo.

Huko Bangkok, upande wa magharibi wa mto Chao Phraya, liko kanisa la Santa Cruz na mtaa wa Kudi Chin unaolizunguka. Wakatoliki wenye damu ya Kireno walipewa mahali hapo baada ya Ayutthaya kuanguka mikononi mwa Waburma mwaka 1767. Bado wapo. Na bado kuna familia zinazooka keki ndogo ya unga wa ngano, mayai ya bata na sukari, bila siagi wala hamira, na juu yake vipande vya matunda makavu. Jina lake ni "khanom farang", kitamutamu cha kigeni. Kimeitwa cha kigeni kwa zaidi ya miaka 200, na hakuna mahali pengine ulimwenguni kilipo kwao isipokuwa hapo.

Tuendelee. Mchuzi wa "massaman" una iliki, mdalasini na karafuu. Mtu wa Zanzibar akiunusa atadhani jirani anapika pilau, na jina lake huaminika kutokana na neno la kale la kumwita Mwislamu. Tambi ni urithi wa Wachina. Hata "pad thai", sahani ambayo kila mgeni huiagiza akidhani ndiyo ya kale kuliko zote, ilienezwa na serikali ya Jemadari Plaek Phibunsongkhram mwishoni mwa miaka ya 1930 na katika miaka ya 1940, wakati uleule nchi ilipobadilishwa jina kutoka Siam kuwa Thailand, mwaka 1939. Kuna bibi Thailand waliozaliwa kabla sahani hiyo haijapata umaarufu.

Je, basi si chakula cha asili? Sisi tunasema ni cha asili kabisa. Asili ya chakula iko kwa watu wanaokimiliki: wamekipokea, wamekitia kinuni pamoja na vitu vyao, wamekilisha watoto wao, na sasa kinazungumza lafudhi yao. Mahindi ya ugali wetu nayo yalitoka Amerika, na hakuna atakayethubutu kumwambia Mtanzania au Mkenya kwamba ugali si wake.

Kwa wasomaji wa gazeti hili jambo hili lina uzito wa pekee, kwa maana tunajifunza mengi darasani kuhusu utamadunisho. Baba Mtakatifu Fransisko alipozuru Thailand mwezi Novemba 2019, alikutana na mapadre, watawa na waseminari huko Sam Phran. Alieleza kwamba ilimuuma kuona Ukristo ukionekana na wengi kuwa dini ya wageni, akawahimiza waipe imani sura ya Kithai. Wakatoliki ni chini ya asilimia 1 ya watu wa nchi hiyo, hivyo kazi si ndogo. Lakini kitamutamu cha Maria Guyomar kimeshaingia mpaka kwenye harusi za Wabuddha, bila mtu kulazimishwa. Kiliingia kwa sababu mwanamke mgeni alitumia mayai ya huko, akapika katika jiko la huko, pamoja na watu wa huko. Nadhiri zetu za utamadunisho zingekuwa na nguvu zaidi kama tungekaa jikoni muda mrefu kidogo.

Msafiri anapoikosa meza

Kuna njia nyingi za kwenda Thailand na kurudi bila kuonja chochote cha kwao. Ya kwanza ni hoteli. Asubuhi mkate na soseji, jioni kuku na chipsi, na katikati safari ya basi lenye kiyoyozi. Ya pili ni kula vivuli vya chakula. Kwenye mitaa ya watalii, mpishi akishaona sura ya mgeni hupunguza pilipili, huongeza sukari na kuacha kapi, kwa hofu kwamba sahani itarudishwa. Hatumlaumu, anatafuta riziki. Ya tatu, na mbaya kuliko zote, ni kula kwa ajili ya picha. Kuna mahali Bangkok ambapo nge wa kukaanga huuzwa kwa vijiti. Wanunuzi wao wakubwa ni vijana wa kigeni wenye simu. Mgeni anapiga picha, anawatumia wenzake, nao wanathibitisha kile walichokuwa wakiamini tangu mwanzo kuhusu Waasia.

Ni kweli kwamba huko Isan watu hula panzi, nyenje na viluwiluwi vya hariri. Wanavikamata au kuvifuga, wanavikaanga, wanavitafuna kama karanga. Lakini tunaomba wenzetu wa Kagera watusaidie hapa. Msimu wa senene ukifika Bukoba, nani anacheka? Senene hutumwa hadi Dar es Salaam kama zawadi ya heshima. Kumbikumbi huliwa sehemu nyingi za nchi zetu. Mtu aliyekula senene akiwa mtoto, halafu akamcheka Mthai kwa panzi, anajicheka mwenyewe bila kujua.

Kwa anayetaka kuiona meza yenyewe, ushauri wetu ni mfupi. Aende sokoni asubuhi, wakati wenyeji wanaponunua. Atafute duka la "khao kaeng", wali na mchuzi: mabakuli makubwa yamepangwa mbele, na hata asiyejua lugha anaonyesha kwa kidole. Hao ndio mama lishe wa huko, na foleni ya wafanyakazi mbele ya meza yao ni ushuhuda tosha. Apendelee kibanda kinachopika kitu kimoja tu, kwa sababu anayepika kitu kimoja kwa miaka 30 ameshakielewa. Ajifunze maneno mawili: "mai phet", isiwe kali, na "aroi", tamu. La kwanza si aibu, na la pili litamfurahisha mpishi kuliko pesa aliyolipa.

Tunajua pingamizi. Wapo wanaodhurika na karanga au kamba, na chakula cha Kithai kinavyo vyote viwili kwa wingi, mara nyingine bila kuonekana. Hao waulize, na wakiwa na shaka waache. Wapo wenzetu Waislamu wasiokula nguruwe. Wanaheshimika, na Thailand yenyewe ina mikahawa mingi ya halali. Yapo matumbo yasiyozoea, na maji yasiyo salama. Busara haijakatazwa. Tunachokataa ni dharau inayovaa nguo za busara: yule anayesema "tumbo langu halitaki" kabla hajajua kilichomo chunguni.

Anayekula kilichotiwa bakulini

Alfajiri katika miji na vijiji vya Thailand, watawa wa Kibuddha hutoka wakitembea pekupeku na mabakuli yao. Watu husubiri mbele ya nyumba zao na kuwatilia wali na mboga. Mtawa hachagui. Anapokea alichopewa na tajiri na alichopewa na maskini, anarudi, anakula kabla ya adhuhuri, na baada ya hapo hali tena mpaka kesho. Anayetoa ndiye anayeinamisha kichwa, kwa kuwa anaona amepewa nafasi ya kutenda wema.

Imani yao si yetu, na hatukusudii kuchanganya mambo. Lakini tunaliweka jambo hili mbele ya mafratera kwa makusudi. Bwana wetu aliwaagiza wale sabini na wawili, katika sura ya 10 ya Luka, wakaribishwapo mjini wale kile wanachoandaliwa. Agizo hilo ni fupi na watu hulipita haraka ili wafike kwenye uponyaji wa wagonjwa na habari ya Ufalme. Angalieni mpangilio wake: kula kunatangulia. Mjumbe anaketi kwanza kwenye meza ya watu kama mwenye njaa, ndipo anapofungua kinywa kufundisha.

Tumewahi kusikia waamini wa kigango fulani wakilalamika kwa sauti ya chini kuhusu mchungaji wao: "Huyu hali kwetu." Hawakusema kwamba hahubiri vizuri. Hawakusema kwamba anachelewa Misa. Walisema huja na chakula chake kwenye gari, na akipewa mlenda au dagaa husema ameshiba. Kina mama waliokuwa wameamka saa kumi alfajiri kupika waliondoa sahani zile bila neno. Hakuna mahubiri yatakayolifuta jambo hilo. Waliona kwamba anawapenda kutoka mbali, kama mtu anavyotazama picha.

Ndiyo maana tunaona safari ya Thailand si anasa ya kusimuliana. Fratera atakayetumwa kwa mwaka wa uchungaji katika jimbo lisilo lake atakutana na Thailand yake huko: harufu asiyoizoea, kitoweo ambacho mama yake hakuwahi kupika, namna ya kunawa na ya kukaa. Akiwa na moyo wa kumwuliza mama mwenye nyumba, "Mama, hii mnaitengenezaje?", ameanza utume. Swali hilo humgeuza mpishi kuwa mwalimu, na mgeni mwenye elimu kuwa mwanafunzi, na wote wawili hupata nafuu.

Na sahani zetu?

Mwezi Desemba 2024, UNESCO iliiweka "tom yam kung", supu ya kamba yenye mchaichai na chachu ya ndimu, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Tangu mwaka 2002 serikali ya Thailand imekuwa na mpango wa kueneza mikahawa ya Kithai ulimwenguni. Hayo ni mambo ya serikali na biashara, na hatusemi tuyaige yalivyo. Lakini nyuma yake kuna watu wasioona haya kwa chakula chao. Mwuza som tam pembeni mwa barabara haombi radhi kwa kinu chake.

Sisi je? Askofu akija parokiani, mara ngapi tunaficha makande, kisamvu cha nazi, matoke na ndizi nyama, tukakimbilia chipsi, kuku wa kizungu na soda, kana kwamba mgeni wa heshima hastahili kula tunachokula? Mgeni anayetoka mbali amekuja kutuona, nasi tunamwonyesha kitu alichokiacha kwao. Kisha tunalalamika kwamba vijana hawajui mapishi ya bibi zao. Watayajulia wapi, ikiwa sahani hizo hazifiki mezani siku ya sikukuu?

Tunapendekeza mambo mawili ambayo hayahitaji bajeti. La kwanza ni kwa seminari: kila fratera apewe zamu ya kupika, akiwa na mpishi wa jumuiya kando yake, na walau mara moja kwa muhula apike chakula cha kabila la mwenzake, mwenzake akiwa mwalimu. La pili ni kwa parokia: siku ya somo wa parokia, jumuiya ndogo ndogo zilete kila moja chungu cha kwao, viwekwe katikati, na watu wachote kidogo hapa na kidogo pale, kama wafanyavyo Wathai. Atakayeona kitu asichokijua, asicheke. Aulize jina lake, aonje, halafu amshukuru aliyepika.